Chungu Juu ya Simu Iliyovimba

Wenzangu wa Lyulilo, na ninyi wa Matema mnaokuja kununua samaki kwangu, tulieni niwaeleze habari ya nyumba ya Badru. Wengi mnaijua nusu, na nusu yenyewe mmeitia chumvi. Mimi nakaanga samaki mkabala na duka lake, kwa hiyo mengi sikusimuliwa.

Siku ya gulio, asubuhi, ufukwe wetu unapendeza. Ziwa linakuwa limetulia, mitumbwi ya Ikombe inaingia mmoja mmoja imejaa vyungu, na akina mama wa Kikisi wanateremka wameloa hadi magotini. Tausi, mke wa Badru, alikuwa akiwapokea majini. "Ndaga fijo," anawashukuru, kisha anagonga chungu kimoja kimoja kwa kidole, asikilize kama kina ufa. Alivyovinunua alivifungia majani makavu ya migomba na kuvipanga ghalani nyuma ya duka, vikisubiri gari la Mbeya. Katika chumba kilichopakana na ghala hilo alilala mama mkwe wake, Bi Rukaya, ambaye miguu ilikuwa imemwisha nguvu na hatembei bila kushikwa mkono. Mtoto wao, Ridhwani, anasoma bweni Kyela mjini. Nyumba ilikuwa na utulivu wake.

Basi Badru akanunua simu.

Lo, mtu na simu. Nyembamba, mgongo wa kioo, haina hata mahali pa kuingiza ukucha. Akawa anakaa mlangoni pa duka ameishika juu kama anayepunga nzi. "Hii haifunguki," anamwambia kila mteja, hata aliyefuata sabuni tu. "Betri imezibwa humo humo kiwandani." Siku moja akaitumbukiza kwenye ndoo yangu ya kuoshea samaki, akaitoa inawaka. Watu wakaduwaa. Mimi nilimwaga yale maji, nikachota mengine.

Kisha akamgeukia mkewe. Simu ya Tausi ilikuwa ya zamani, ya kugusa kioo pia, lakini mfuniko wake unabanduka kwa ukucha, betri inatoka, na kwa kuwa mfuniko ulishalegea aliufunga kwa mpira.

"Mama Ridhwani, hiyo ni simu au furushi la dagaa?"

Watu wakacheka. Na wewe ulicheka, nilikuona.

Sasa mimi si mtu wa kupendelea. Simu ya Tausi ilikuwa na vituko vyake. Ikimponyoka, simu inakwenda huku, mfuniko kule, betri unaitafuta uvunguni. Maji ilikuwa haiyawezi. Tena fundi Erasto wa pale sokoni aliwahi kumuuzia betri feki, chaji inaisha kabla maharage hayajaiva. Lakini ilipotumbukia kwenye maji ya ndani ya mtumbwi, Tausi alitoa betri papo hapo, akaifuta simu, akaianika juani juu ya chungu kilichofunikwa, na adhuhuri alikuwa anaongea nayo. Akienda Ikombe kutafuta vyungu, betri ya pili anaifunga kwenye pindo la kanga. Moja ikiisha, anaweka nyingine. Na ile feki ilipovimba, aliitoa, akamrudishia Erasto mbele ya wateja wake, akasimama hapo mpaka akapewa nzima. Erasto alitafuta pa kuficha uso, na ilimstahili.

Badru alipenda sana kisa hicho. "Unaona," anasema, "ndiyo tabu ya vitu vya kufunguafungua."

Haukupita muda, simu yake nayo ikaanza kunenepa. Kioo kikainuka upande mmoja, mgongo ukawa na tumbo. Tausi ndiye aliyeona kwanza.

"Baba Ridhwani, simu imevimba."

"Ni joto la Kyela."

"Joto la Kyela halijaanza leo. Mpelekee Erasto."

Alimpelekea, lakini kwa kujificha, wakati watu wameingia msikitini. Erasto hakuigusa hata kuigusa. "Kaka, betri imeharibika humo ndani. Izime. Usiichaji tena. Niachie niupashe moto mfuniko, gundi ilegee, niitoe, nikuagizie nyingine Mbeya. Ila ikishafunguliwa, usiitie majini tena. Haitazuia maji kama mwanzo."

"Watu wakiniona imefunguliwa nitawaambia nini?"

"Uwaambie betri ilivimba."

Badru akaichukua simu yake, akaondoka. Sikilizeni hapo vizuri, maana hapo ndipo penye ujinga wote. Mtu huyu hakukosa fundi. Hakukosa uwezo. Alikuwa amelitangazia soko zima kwamba simu yake haifunguki, sasa akaona heri ibaki imevimba kuliko kufunguliwa. Aibu ya kipuuzi kabisa, hata mtoto asingekuwa nayo.

Wala hakuishia hapo. Alichagua chungu kikubwa kuliko vyote katika mali ya mkewe, akakijaza mchanga wa ufukweni, akailaza simu juu ya ubao ghalani na kuikandamiza kwa kile chungu. Waya wa chaja ameuchomeka ukutani, kwa sababu simu ilikuwa haikai na chaji tena. Tausi alimkuta anajipangusa mikono.

"Unafanya nini?"

"Nguo inanyooshwa kwa pasi. Hii itanyooka kwa chungu."

"Baba Ridhwani, humu mna majani makavu. Mama analala ukuta wa pili, na hawezi kukimbia. Chomoa, nakuomba."

"Wewe wa simu ya mpira ndiye wa kunifundisha mimi?"

Akatoka, akaenda upande wa pili wa soko kucheza bao. Tausi aliuchomoa ule waya. Badru akarudi kuchukua kofia yake, akauona, akauchomeka tena, na safari hii akafunga ghala kwa kufuli. Funguo akatia mfukoni. Kweli, sikio la kufa halisikii dawa.

Ilikuwa baada ya alasiri. Nilikuwa nageuza mbasa kwenye kikaango nikasikia mlio ghalani, kama sufuria imeanguka, kisha moshi wenye harufu kali ya kukereketa koo ukatoka chini ya mlango. Tausi alikuwa ziwani anasuuza vyungu. Alikuja mbio na kanga yake imeloa, akajifunga puani, akaingia chumbani kwa mama mkwe wake. Moto ulikuwa umeshapanda darini na majani ya paa yanaanguka yakiwaka juu ya kitanda. Akamvuta yule mama na mkeka wake mpaka nje kwenye mchanga. Nyayo zote mbili zilikuwa zimeungua.

Sisi wengine tulivunja lile kufuli na kumwaga maji. Vyungu vimezaliwa motoni, moto haukuvidhuru. Ndoo zetu za maji baridi ndizo zilizovipasua, kimoja baada ya kingine, Tausi akisikia. Hakikubaki hata kimoja.

Ndipo Badru akafika anahema. Mama yake amelala mchangani kando ya karai langu la samaki, mkewe anampepea miguu. Akawapita. Akasimama mlangoni pa ghala, akauliza:

"Simu yangu iko wapi?"

Bi Rukaya ndiye aliyemjibu. "Kaitafute, mwanangu. Mimi nimeshatolewa."

Alikaa hospitali muda mrefu. Alipotoka, binti yake Hanifa, aliyeolewa Karonga, alivuka mpaka kuja kumchukua, na Tausi akampa mkwewe ile simu ya mpira aende nayo. Majuzi nilipeleka samaki Karonga, nikapita kumjulia hali. Tulikuwa tunakunywa chai simu ikaita. Akapokea, akasikiliza kidogo. Sauti ya Badru niliitambua kutoka nilipokaa, inaomba radhi. Bi Rukaya alitoa ule mpira, akabandua mfuniko kwa ukucha, akachomoa betri, akaiweka mezani kando ya sukari.

"Endelea," akaniambia. "Ulikuwa unasema bei ya mbasa imepanda."

FUNZO

Msiniambie simu ipi ni bora. Ya kufunguka unaibadilishia betri mwenyewe, lakini wauza feki watakuchezea, na maji haiyawezi. Ya kuzibwa inastahimili maji, lakini ikiugua lazima uende kwa fundi. Kila mtu achague yake. Betri ikivimba, ya huku au ya kule, izimwe, isichajiwe, isikandamizwe, wala isitobolewe. Ipelekwe kwa anayejua, hata kama soko zima linatazama.

Badru bado anakaa mlangoni pa duka, na wateja bado wanamsalimu kwa adabu. Anayemtaka amsalimie, mama yake, huchomoa betri. Na wewe uliyeificha ya kwako iliyovimba chini ya godoro la mtoto kwa kuogopa kuchekwa, usinisubiri nimalize. Nenda kaitoe sasa hivi.