Nilinyonya Mrija wa Kaka Yangu, Noeli Ikaniponza

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto watatu. Leo naishi na mmoja tu… Majina ya watu nimeyabadilisha, lakini machozi ni yaleyale.

Nilizaliwa kambini, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi kutoka Burundi. Baba alifia kulekule. Amani ilipopatikana tukarudi: Mama, mimi na kaka yangu Deo. Mama aliogopa kufikia kwa wakwe ambao hakuwa amewaona tangu ujana wake, akatupeleka kwao Buhinyuza, mkoa wa Muyinga. Mimi baadaye niliolewa Gitega mjini na Zakaria, fundi seremala, naye aliyerudi kutoka ukimbizini kama sisi.

Zakaria alikuwa mlokole wa kweli, siyo wa Jumapili tu. Baba yake aliuawa na pombe, na siku ya harusi yetu aliniomba jambo moja: pombe isiguse mdomo wa mtu yeyote wa nyumba yake. Nilikubali kwa moyo mweupe. Kwani mimi pombe ilikuwa na kazi gani kwangu?

Mwaka yalipotokea haya, tukiwa na watoto wetu watatu, kanisa lilimchagua awe mzee wa kanisa. Angewekewa mikono siku ya Mwaka Mpya, Bonane kama tunavyoiita. Nyumba ilijaa furaha! Nilimnunulia tai nyekundu sokoni, akaijaribu mbele ya watoto wakacheka mpaka wakakaa chini.

Wakati huohuo ukaja ujumbe kutoka Giheta. Baba mkubwa Sirili, kaka wa marehemu baba yetu, yule aliyebaki kwenye ardhi ya ukoo miaka yote tuliyokuwa nje, anatuita tule naye Noeli. Anataka kutuonyesha shamba la baba. Mama alilia kwa furaha. Alikuwa na ombi moja tu maishani: apokelewe tena nyumbani kwa mumewe kabla hajafa.

Zakaria alikuwa na kwaya, hakuweza kwenda. Nikaondoka na Mama na Deo. Mama alibeba kikapu cha maharage kutoka Buhinyuza na hakukubali tumpokee.

Tuliposhuka Giheta, Mama akiwa ametangulia, Deo alinishika mkono. Akaniambia kwamba huko Buhinyuza watu wanasema waliobaki kwenye ardhi wanawawekea waliorudi sumu kwenye kinywaji. Yeye hatakunywa kitu kwa mzee huyo, na nisimuulize mbele za watu.

Nilikasirika! Nikamuuliza kwa nini hakusema tukiwa nyumbani. Akanijibu Mama angekataa kuja. Basi nikatembea na jiwe hilo moyoni, huku Mama mbele yetu akiimba wimbo wa Noeli.

Tulipokelewa vizuri ajabu. Mbuzi, wali, ndizi, Fanta za watoto. Halafu wakaleta chungu cha impeke, pombe ya mtama, kikawekwa katikati na mrija mrefu ndani yake. Wasiojua niwaambie: kwetu mwenye nyumba ndiye anayeanza kunywa, ili wageni waone kinywaji ni salama. Kisha anampa mgeni mrija uleule. Kuukataa bila sababu ni kumwambia mtu mbele ya watoto wake kwamba ni muuaji.

Baba mkubwa alivuta. Akampa Mama, naye akavuta machozi yakimlengalenga. Mrija ukaja kwa Deo, mtoto wa kiume wa marehemu.

Deo akasema tumbo linamuuma.

Wote wakamgeukia. Alikuwa ametoka kula sahani mbili za mbuzi! Baba mkubwa alidhani sisi wa Tanzania hatusikii Kirundi vizuri, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni Gitega, kilichochanganyika na Kifaransa:

"Mi nimekunywa wa kwanza, mumeona wote. Alors, we mtoto wa mdogo wangu, unakataa juu ya nini? Iko na sumu?"

Deo aliangalia miguu yake. Wazee wa ukoo wakaanza kutazamana. Mmoja akasimama, akachukua kofia yake. Nilimwona Mama… uso wake ulikuwa unavunjika polepole, kikapu chake bado mapajani. Miaka yote ile ya kungoja ilikuwa inamtoka mikononi!

Ningefanya nini? Niambieni ninyi mnaosoma, mngefanya nini?

Niliuchukua mrija kutoka mkononi mwa mzee. "Baba mkubwa, mimi ninamnywea kaka yangu," nikasema. Nikavuta. Pombe ilikuwa chachu, ikanikwama kooni, nikavuta tena ili wote waone.

Mzee akacheka, akanipiga begani. "Mwana wangu! Damu ya mdogo wangu iko hapa quand même!" Aliyeshika kofia akakaa. Jioni hiyo tulionyeshwa shamba la migomba, na Mama akapiga magoti akaushika udongo kwa mikono yake miwili.

Njiani nilimwambia Deo kwamba mimi mwenyewe nitamweleza Zakaria. Akaapa kwa jina la marehemu baba yetu kwamba hatasema lolote.

Wiki ile kati ya Noeli na Bonane sitaisahau. Jioni ya kwanza nilifungua mdomo, Zakaria akaniambia ameanza kufunga na kuomba kwa ajili ya ile siku. Nikaufunga. Kesho yake nikiosha mchele nilijiambia leo nitasema, wakaja wanakwaya. Siku nyingine nilikuwa napiga pasi shati lake, naye ameketi pembeni ananisomea zaburi. Kila neno lilinichoma. Nikasema moyoni, ngoja Bonane ipite…

Mama na Deo walifika mkesha. Deo alikuwa hatulii. Kila nikiongea na Mama jikoni, anakuja kusimama mlangoni. Alifikiri namsema! Aliogopa Mama akijua, habari itafika Giheta na shamba litaondoka.

Asubuhi ya Bonane tulikuwa tunakunywa chai na wanakwaya, Zakaria amevaa tai yake nyekundu. Deo akacheka kwa sauti:

"Shemeji, mkeo anavuta mrija kuliko wazee wa Giheta! Siku ya Noeli alitutia aibu."

Watu walicheka. Kisha wakaacha kucheka.

Zakaria alinigeukia taratibu. "Ni kweli?"

Nilimwangalia Deo, akatazama kikombe chake. Mama akaanza kusema kwamba ilikuwa heshima tu, tumbo la kaka yake lilikuwa linauma… Masikini, aliamini! Nikisema ukweli pale, ninampiga mama yangu kisu siku ya sikukuu, na wote watajua Deo alimdhania nani muuaji. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo nilikuwa nimeivaa.

"Ni kweli," nikasema.

Zakaria alivua tai, akaikunja, akaiweka mezani. Alikwenda kanisani akamwambia mchungaji mwenyewe kwamba yeye hafai. Aliporudi hakupiga kelele. Heri angepiga!

"Kunywa ningekusamehe," alisema. "Lakini wiki nzima umenipigia pasi hilo shati ukinitazama usoni."

Usiku huo nilimweleza kila kitu. Akamwita Deo athibitishe. Kaka yangu, mtoto wa mama yangu, akaapa kwamba aliumwa tumbo tu, na kwamba mimi nilikunywa kwa kupenda kwangu!

Zakaria alinirudisha Buhinyuza na kitindamimba wangu. Wakubwa wamebaki kwake. Kwenye simu wananiuliza nitarudi lini kuwapikia, na mimi nawauliza habari za shule.

Noeli iliyopita Mama aliniomba twende Giheta. Sasa Deo anaishi pale kwenye shamba la baba. Chungu kilipokuja, alikuwa wa kwanza baada ya mzee, akavuta mpaka povu likamkaa kwenye masharubu. Kisha akaninyooshea mrija.

"Kunywa, dada. Siku hizi huna wa kukuuliza."

Mama alicheka, hakuelewa. Mimi nilitoka nje kulia.

Ndugu zangu wasomaji, hasa mliorudi kama sisi: ukiwa na hofu juu ya ndugu yako, iseme nyumbani kwenu kabla hujaingia kwake. Usimbebee mtu woga wake kwa siri, atakutupia wewe mzigo wote! Na wewe mke, jambo la jioni liseme jioni hiyohiyo, hata kama mumeo anaomba.

Noeli inakaribia tena. Mama ameanika maharage uani, anachagua yaliyo mazuri ya kupeleka Giheta. Safari hii nitamwambia ukweli wote kabla hatujapanda gari. Atalia, najua. Lakini atalia nyumbani kwetu, na mimi nitakuwa nimemshika.