Viti vya Nyuma vya Pijo ya Baba

Haya yalimpata baba yangu mzazi, si jirani wa jirani. Atakaye kucheka na acheke. Mimi kicheko kilinitoka wiki hiyo na hakijarudi.

Ilikuwa siku ya kawaida tu, jua kali, kuku wakijichimbia vumbi chini ya gari. Mimi ni fundi wa viti vya magari, kibanda changu kiko mjini Homa Bay, na siku hiyo nilikuwa nyumbani kwetu Ndhiwa kumalizia Pijo ya Baba, ile 504 ndefu yenye mlango wa nyuma. Ilikuwa imelala uani tangu Mama azikwe. Kaka yangu Oliver, ambaye ni mekanika Awendo, ndiye aliyeifufua. Figo za Baba zilikuwa zimechoka, na kila alipotoka kusafishwa damu hospitalini alirudishwa kwa bodaboda, kichwa kikimlalia dereva mgongoni. Oliver alisema mzee akiendelea na pikipiki hizo tutamzika. Alitaka awe na mahali pa kulala njiani, basi.

Tatizo lilikuwa viti. Vile vya nyuma viling'olewa zamani ili jeneza la Mama liingie, na Baba hakutaka virudishwe. Tukimuuliza sababu alisema, "Wacheni hivyo." Safari hii hatukumuuliza. Nilishona vipya, springi mpya, sponji mpya, nikavileta.

Kiti cha nyuma kina adabu yake. Kwanza unaitoa mikanda juu isije ikabanwa chini. Kisha unaingiza ukingo wa mbele kwenye kulabu, unakandamiza nyuma kwa goti mpaka usikie kimeshika. Ndipo unapachika mgongo wake na kukaza bolti. Upande wa kulia ulishika mara moja. Wa kushoto ukanyanyuka. Nikakandamiza tena. Ukanyanyuka tena, polepole, kama mtu anayejisogeza akupishe. Nililaumu kulabu, nikalaumu springi, halafu nikajisuta, maana mchagua jembe si mkulima. Nikainama kujaribu tena. Kiti kikashika chenyewe, na goti langu lilikuwa bado hewani.

Nikakaza bolti zote, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, sponji ya kushoto ilikuwa imebonyea. Sponji mpya haibonyei hivyo, mpaka ikaliwe miaka. Niliweka kiganja pale. Bati lote la gari lilikuwa linachoma kwa jua, lakini pale palikuwa baridi. Nilingoja niogope. Sikuogopa. Nilikufa ganzi tu, nikasimama na spana mkononi.

Baba alitoka na mkongojo wake, akachungulia ndani.

"Mmempatia kiti," alisema kwa sauti ya chini.

"Nani, Baba?"

"Mama yenu."

Oliver alikuwa anajipangusa grisi. "Baba, hizo story wacha. Kesho ni kliniki."

Baba alinigeukia mimi. Sisi kwetu maiti haihamishwi kimya kimya. Huambiwa: sasa tunatoka hospitalini, sasa tunavuka mto, sasa tumefika. Siku ya kumleta Mama kutoka mochari, na pamba zake puani, Pijo ilizimika pale Rodi, katikati ya njia. Jua lilikuwa linazama, watu wakaharakisha, jeneza likapandishwa lori la miwa. Hakuna aliyemwambia Mama kwamba gari limebadilishwa.

"Tulizika sanduku, nyara," Baba alinong'ona. Nyara kwa Kijaluo ni “binti yangu”. Ndivyo alivyoniita siku zote. "Yeye alibaki hapa ndani."

"Basi si tumwambie sasa ashuke?"

"Mimi humwambia kila mara. Anasema hashuki peke yake. Tulimwacha mara moja, hataki kuachwa tena. Lakini hakukuwa na kiti, hangeweza kuniita nikae naye."

Niliomba tuving'oe. Oliver akakataa. Nilimwelewa, naye alikuwa anampigania baba yake. Alinishika bega akaniambia, "Sista, choose. Ni hii gari, ama ile boda imuue." Nikaziacha bolti zilivyo. La kuvunda halina ubani.

Asubuhi Baba alivaa koti lake la kanisani. Alijipandisha mwenyewe nyuma, akakaa upande wa kulia. Hakulala. Mimi nilikaa mbele, Oliver akaendesha. Nilimsikia Baba akifunga mkanda wake, ukalia *ka*. Tukatoka langoni.

Mkanda wa pili ukalia *ka*.

Oliver alinitazama. Alitaka kusimama. Baba akasema, "Endesha, wuoda." Endesha, mwanangu. Akaendesha.

Baba alianza kunong'ona. Alinyamaza, akasikiliza, akajibu. Aliongea habari za mvua na za ng'ombe aliyekufa. Mara moja alicheka kidogo. Sikugeuka. Shingo yangu ilikuwa imekataa.

Tulipofika Rodi, Pijo ikazimika.

Hakuna moshi. Hakuna mlio. Ilizimika tu, pale pale.

"*Wadhi dala*," Baba alisema. Twende nyumbani. Nilidhani anatuambia sisi.

Oliver alifungua boneti, akagusa hiki na kile, akarudi bila kupata kasoro. Nikageuka. Baba alikuwa ameinamia upande wa kushoto, lakini hakuwa ameanguka. Kichwa chake kilikuwa hewani, kimeegemea. Macho yalikuwa wazi. Hakuwa akipumua.

Pikapu ya mboga ilikubali kutubeba. Kabla hatujamwinua, Oliver, yule yule wa kusema story, alivua kofia. Alilia akiongea.

"Baba, tunahama gari. Tunakupeleka mochari, halafu nyumbani. Mama, na wewe shuka. Twende wote. Tusamehe."

Tukamwinua. Nyuma yetu sponji ikatoa pumzi, ikainuka. Upande wa kulia kwanza. Kisha wa kushoto.

Mochari ya mjini tulipokelewa na mhudumu anayeitwa Motari, mtu mpole, amezoea kazi yake. Alimlaza Baba mezani. Ngumi ya kushoto ya Baba ilikuwa imefungwa, naye akaifungua kidole kwa kidole. Akaangalia kiganjani, akaniangalia mimi.

"Huyu alipitia mochari gani kabla ya hapa?"

"Hakuna. Amekufa njiani, sasa hivi."

Akanionyesha. Vilikuwa vipande viwili vya pamba, vile vinavyowekwa puani mwa maiti, vimekuwa vya manjano kwa uzee.

"Hii ni sisi huweka," Motari alinong'ona, "na huyu bado sijamgusa."

Aliviweka mkononi mwangu. Vilikuwa na unyevu, na bado vilikuwa na joto, kama vimetoka puani mwa mtu anayepumua.