Hodi ya Ngomeni

Rafiki yangu Leodgar, fundi umeme, alitumwa kubadilisha taa katika ngome ya Bagamoyo, walimofungiwa watumwa zamani. Kufuli la mlango likamgomea. Alihangaika nalo mchana kutwa hadi vidole vikachubuka, akatia ufunguo mfukoni na kumpigia Bi Zuwena, mtunza ngome.

"Ulipiga hodi?"

"Nimpigie nani, mama? Humo hamna mtu. Mnanipotezea siku tu."

"Piga hodi, mwanangu."

Akaubamiza mlango kwa hasira. "Hodi."

Kupitia ufa aliona giza tupu, akasikia minyororo ikiburuzwa sakafuni. Kisha sauti nyingi, za chini, zikasema kutoka ndani, "Hodi."

Kwa mazoea tu, Leodgar akajibu, "Karibuni."

Kufuli likafunguka lenyewe.