Punje Iliyozima Hamu

Mkono wa Kajiru Msuya uliinuka kuelekea sahani ya kaimati, ukafika nusu ya safari, ukasimama hewani. Kisha ukashuka polepole na kutulia juu ya paja lake. Hakuna aliyemkataza wala kumkonyeza. Hamu ilikuwa imekuja, na kabla haijafika ulimini ikazimwa.

Wageni waliokaa naye meza moja walipiga makofi. Ilikuwa harusi ya mpwa wake, katika ukumbi wa juu kabisa wa mnara mmojawapo wa Dodoma, ile minara ambayo kuta zake zimepandwa mizabibu kutoka chini hadi paa. Wote pale walimfahamu Kajiru wa zamani. Walijua kwamba kaimati zikiwekwa mbele yake, sahani ilirudi jikoni haina hata shira. Mkewe, Mhandisi Nakundwa, alitazama ule mkono ukishuka, akajisikia fahari ambayo hakuwahi kuisikia hata siku aliyotunukiwa shahada. Kilichouzuia mkono ule kilikuwa kazi yake.

Kwa jina la kitaalamu kiliitwa kidhibiti-hamu, lakini watu walikiita punje, kwa sababu kilikuwa na umbo na ukubwa wa punje ya mchele. Kilipandikizwa shingoni, pembeni mwa mshipa mkuu wa fahamu unaopeleka habari kutoka tumboni hadi kwenye ubongo. Pale kilipima sukari ya damu bila kupumzika. Kikiona sukari inaelekea kupanda, kilituma mtetemo mdogo kwenye mshipa ule, na ubongo ukaacha kukitamani chakula. Nyumbani, jiko-mlishi lilipokea habari hizohizo, likapima dona, kunde na mchicha, likapika na kupakua. Mtu hakuhitaji tena kushindana na nafsi yake.

Na Kajiru alikuwa ameshindana nayo kwa miaka, akishindwa. Alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu wa kinywa kwa maana zote mbili: mlaji na msemaji. Jumamosi alipika makande ya kwao Upare, akiimba sauti ya besi huku akikoroga, na majirani walijua saa ya kuja kubisha hodi kwa kisingizio cha kuazima kitu. Sukari ilipomwingia, daktari alimweleza vizuri kabisa: aanze na mboga kwenye sahani, sembe aipunguze, soda aiache, atembee kidogo kila baada ya kula, alale mapema, dawa asiruke. Kajiru alikubali yote na kuyafuata kwa wiki nzima. Wiki ilipoisha salama, aliisherehekea kwa chapati.

Kisha kikaja kidonda. Kiatu kipya kilimchubua kidole gumba cha mguu wa kushoto na yeye hakusikia, kwa kuwa ganzi ilikuwa imekwisha kuingia. Siku Nakundwa aliposikia harufu ya kuoza chumbani, kidole kilikuwa kimeshageuka rangi. Walikikata. Daktari akawaambia kwamba sukari ikiendelea hivi, safari ijayo watakata mguu.

Wakati huo punje ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza majaribio katika taasisi aliyofanya kazi Nakundwa. Alimsihi mumewe awe miongoni mwa watu wa mwanzo. Kajiru alicheka, akasema kwamba mtu asiyetamani ni jiwe lililovaa suruali. Lakini usiku ule alimkuta mkewe analia bafuni, na asubuhi akasema yuko tayari.

Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Sukari yake ilishuka, ikakaa sawa kama maji mtungini. Kidonda kilifunga. Kila baada ya mlo alisimama na kutembea, bila kukumbushwa na bila kunung'unika. Picha yake ilitundikwa kwenye ukumbi wa taasisi. Watu waliiona, wakaja kwa wingi kuomba kupandikizwa.

Nakundwa hawezi kusema ni lini hasa aligundua kwamba nyumba imekuwa kimya. Kwanza ziliisha nyimbo. Alidhani ni kwa sababu Kajiru hapiki tena. Kisha majirani waliacha kuja, naye Kajiru hakuuliza wako wapi. Timu yake ilichukua kombe na yeye alizima runinga kabla ya filimbi ya mwisho, maana muda wa kutembea ulikuwa umefika. Shuleni walimstaafisha mapema. Wanafunzi walisema mwalimu anasoma ramani kama mtu anayesoma bei za nauli. Usiku alilala upande wake wa kitanda, mtulivu, mwenye afya. Nakundwa akimshika mkono, aliuacha ushikwe.

Binti yao, Namsemba, alikuja kutoka Mwanza na mtoto wake wa kwanza. Zamani, kabla ya punje, baba yake alikuwa akiapa kwamba mjukuu wake wa kwanza yeye ndiye atakayemfundisha majina ya milima yote ya Afrika, kabla hajaota meno. Kajiru alipokea mtoto, akamkalisha vizuri mapajani, akamshikilia shingo inavyotakiwa. Baada ya muda akauliza ampe nani.

Namsemba alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, baba anaumwa."

"Sukari yake ni nzuri kuliko yangu na yako," Nakundwa alijibu.

"Sikuuliza sukari."

Nakundwa alisimama mbele ya jiko-mlishi lililokuwa likipima kunde. Alikuwa amelijua jambo hilo siku nyingi, akilikalia.

Kesho yake alikwenda kwa Daktari Shekalaghe, mganga mkuu wa taasisi, akamtaka wachunguze ubongo wa Kajiru wakiwa wawili tu. Walikaa na picha za ubongo ule mchana kutwa. Mwishowe Shekalaghe alivua miwani na kumweleza, kwa upole, kitu ambacho mhandisi alikuwa amekwisha kukiona mwenyewe. Ubongo hauna mlango wa chakula peke yake. Njia inayompeleka mtu kwenye kaimati ndiyo hiyohiyo inayompeleka kwenye wimbo, kwa mkewe, kwa mjukuu. Punje ilifunga njia ile mara nyingi kila siku, na njia isiyopitiwa huota nyasi. Walijaribu kupunguza nguvu ya punje. Sukari ilipanda, Kajiru akabaki vilevile. Lililobaki ni kuitoa punje. Huenda hamu ingerudi, yote au nusu yake, polepole. Huenda isirudi. Sukari ndiyo ingerudi bila shaka.

"Basi itoe," Nakundwa alisema.

Shekalaghe akamkumbusha sheria, ambayo Nakundwa mwenyewe alisaidia kuiandika. Mwanzoni kulikuwa na ndugu waliowatoa wazee wao punje kwa sababu ya mila au ugomvi, na wazee wale wakafa kwa vidonda. Kwa hiyo baraza liliamua kwamba punje haitolewi ila kwa ombi la mwenye mwili. Ataulizwa mara tatu kama anataka, mbele ya shahidi, na ajibu kwa hiari yake.

Juma zima Nakundwa alimwandaa mumewe kama mtoto anayekwenda kuhojiwa. Alimweleza mambo yote: ubongo, njia, hatari ya mguu. Kajiru alisikiliza, akauliza maswali ya akili, akaelewa. Akili yake haikuwa imepungua hata chembe. Alikubali kwamba amebadilika. Alipoulizwa kama hilo linamsikitisha, alifikiri sana, kisha akasema anaona kwamba lingepaswa kumsikitisha.

"Ukiulizwa, sema tu nataka," Nakundwa alimwomba. "Neno moja, Baba Namsemba. Nifanyie mimi."

"Nitajaribu," Kajiru alisema.

Chumba cha kuulizia kilikuwa kidogo na cheupe. Shekalaghe alikaa mezani, shahidi pembeni yake, Nakundwa nyuma ya mumewe. Daktari aliuliza: mzee Kajiru, unataka punje itolewe? Kajiru akanyamaza. Aliulizwa tena. Nakundwa aliona shingo ya mumewe ikikaza, kama mtu anayenyoosha mkono kutafuta kitu juu ya kabati refu.

"Mke wangu ameniomba niseme nataka," Kajiru alisema. "Ningeweza kulitamka. Lakini wewe umeniuliza kama nataka, Daktari, nami sijawahi kukudanganya. Nikitafuta ndani, sioni kitu."

Daktari Shekalaghe alitazama meza. Akauliza mara ya tatu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, si anayeuliza. Kajiru aligeuka kwenye kiti akamtazama mkewe. Aliyaona machozi yake. Alitoa leso mfukoni akampa, kama mtu muungwana. Kisha akamjibu daktari kwamba yote ni sawa kwake.

Shahidi aliandika. Ombi likafungwa.

Walitoka hadi kwenye ukumbi wa kungojea, na Nakundwa hakuweza kuendelea. Alikaa kwenye benchi, Kajiru akakaa kando yake. Upande wa pili alikuwapo mama mmoja wa makamo, mnene, mwenye uso wa ucheshi, mguu wake wa kulia umefungwa bendeji nene. Harufu ileile ya zamani ilimfikia Nakundwa kabla ya salamu. Mama yule alimwangalia Kajiru, akaangalia picha yake ukutani, akatabasamu.

"Ni wewe yule, baba? Ulikatwa kidole?"

"Ndiye mimi."

"Na mguu ulipona?"

"Umepona kabisa."

Mama yule akasema kwamba ana wajukuu, na kwamba amejaribu kula walivyomwelekeza lakini moyo unamshinda. Pilau ikinukia kwa jirani, miguu inakwenda yenyewe. Alicheka aliposema hivyo, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama punje inauma.

"Hapana," Kajiru alisema. "Hakuna kinachouma."

Nakundwa alifungua kinywa. Alitaka kumwambia arudi nyumbani, aiendee ile pilau na kucheka na wajukuu wake. Akautazama mguu. Bendeji ilikuwa imeanza kulowa unyevu wa manjano karibu na kisigino, naye aliijua safari inayofuata hapo, wiki kwa wiki, hadi kukatwa mguu. Alikuwa na maneno mawili ya kumwambia, nenda na usiende, na hakuona lipi kati yake lisingekuwa uovu.

Jina la yule mama likaitwa. Aliinuka kwa taabu, akiegemea fimbo, akawaaga kwa heshima, akamshukuru Kajiru kwa kumtoa hofu. Benchi zilikuwa zimebanana. Nakundwa alivuta miguu yake nyuma, akampisha njia.