Mizani ya Kamlenga

Eustaki alikutwa amekufa kifudifudi juu ya magunia ya maziwa ya unga, kalamu zake bado zimechomekwa mfukoni mwa suti ya Kaunda. Damu ilikuwa imechuruzika kwenye unga uliomwagika, ikawa uji mzito. Inspekta Saad Huseni alichuchumaa, akakitazama kisogo cha marehemu.

"Fuvu limepasuka," alisema. "Pigo moja. Kitu cha chuma, cha mviringo."

"Nyundo, afande?" aliuliza Koplo Polikarp.

"Nyundo ingechimba shimo. Hiki ni kipana zaidi."

Huo ulikuwa mwezi wa Machi, mwaka 1976, katika kijiji cha ujamaa cha Kamlenga, ng'ambo ya Mollo, nje ya Sumbawanga. Kama hujawahi kufika kule majira ya mvua, usijisumbue. Ukungu hauondoki mapema, tope linawavua watu viatu, na upepo wa Ufipa unapenya koti kama chandarua. Watu walihamishiwa pale wakati wa Operesheni Vijiji, wakajengewa kituo cha kulelea watoto wadogo, wakaletewa pia mtaalamu wa maendeleo. Mtaalamu mwenyewe ndiye huyu aliyelala juu ya magunia.

Kazi ya Eustaki ilikuwa kutafuta misaada. Aliwaandikia wafadhili wa Ulaya, aliwapiga watoto picha, aliwapokea wageni kwa ngoma. Na aliiweza, tusimnyime haki yake. Kwa juhudi zake watoto wa Kamlenga walikunywa maziwa na uji wa soya, wakati vijiji vya jirani vikimeza mate. Kesho yake wageni kutoka kwa wafadhili hao walikuwa wanakuja kuona kama msaada wao umezaa matunda.

Inspekta aliinua macho. Kwenye boriti palikuwa na kulabu tupu.

"Hapa kulikuwa na nini?"

"Mizani ya kupimia watoto," alijibu mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Adolfu, aliyesimama mlangoni asitake kuingia. "Jana ilikuwepo. Mama yangu wee, na wageni kesho!"

"Mtu amekufa, mwenyekiti."

"Naona, ndugu Inspekta. Lakini marehemu hali uji. Wanaokula ni watoto."

Inspekta alimtoa nje. "Nani alikuwa na ugomvi naye?"

"Kila mtu alimpenda."

"Anayependwa na kila mtu hapigwi chuma kisogoni. Sema."

Adolfu alijikuna kidevu. "Yupo Hilaria. Mwanawe, Rafaeli, tulimzika wiki iliyopita. Pale makaburini alimnyooshea Eustaki kidole mbele ya padri. Akamwambia, 'Wewe ndiye uliyemwondoa mwanangu kwenye maziwa. Na wewe utaondoka.' Jana jioni alikuwa hapa kituoni, anapiga kelele mpaka kwangu zilisikika."

"Kwa nini mtoto aliondolewa kwenye maziwa?"

"Alinenepa. Mizani ilisema amepona. Maziwa ni ya waliokonda tu, ndio utaratibu wa wafadhili."

Hilaria hakukimbia. Walimkuta mlangoni kwake anapeta ulezi, mtoto mchanga mgongoni. Hakuacha kupeta.

"Jana jioni ulikwenda kituoni?"

"Nilikwenda."

"Kufanya nini?"

"Kumtukana Eustaki. Nilimtukana nikachoka, nikarudi."

"Ulimpiga?"

"Ningekuwa na nguvu ningempiga."

"Mizani umeipeleka wapi?"

Ungo ukasimama. "Mimi? Nisingeigusa hata kwa mti. Ilisema mwanangu amenenepa, na mwezi haujaisha akafa. Hebu nieleze hilo, afande, wewe uliyesoma."

Swali hilo lilimkera Inspekta. Mwanamke huyu alikuwa na sababu, alikuwa ametoa vitisho, na alionekana mahali penyewe. Watu wamenyongwa kwa ushahidi mwembamba kuliko huo. Akamwamuru apande Land Rover.

"Mkininyonga," Hilaria alisema, "huyu mgongoni nani atamnyonyesha?"

Walipitia kituoni kumchukua mwenyekiti aandikishe maelezo yake. Silvana alitoka jikoni. Huyu ndiye aliyekuwa Bibi Maendeleo wa Kamlenga, mlezi wa watoto, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimwona Hilaria garini, akashtuka waziwazi. Mtoto wa mgongoni alikuwa analia. Silvana alimpokea, akafungua pindo la khanga atoe kitambaa cha kumfuta kamasi, na punje chache za manjano zikadondoka. Akaziokota.

"Sampuli zangu," alisema. "Napita nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama uji wa soya."

"Nani ana ufunguo wa stoo?" Inspekta aliuliza.

"Marehemu, na mimi."

"Jana jioni?"

"Hilaria alipoondoka nilikwenda nyumbani."

"Ulimwacha Eustaki mzima?"

"Nilimwacha." Macho yalikuwa kwa mtoto. Kisha akasema kwa ghafla, "Hilaria hakufanya hivi."

"Umejuaje?"

"Namjua tu."

"Kujua tu si ushahidi, bibi."

Mtoto alirudishwa kwa mama yake, gari likaondoka kwa njia ya nyuma, kando ya shamba la akina mama. Inspekta Saad alikuwa mtoto wa duka, baba yake aliuza vitambaa mjini Sumbawanga. Lakini mama yake alikuwa Mfipa wa Kasense, na likizo zote za shule alizimaliza na jembe mkononi. Kule uwandani watu hupindua majani na udongo, wakarundika matuta ya mviringo. Majani huozea ndani, juu yake yakaota maharage. Shamba zima la Kamlenga lilikuwa limeshachanua majani ya maharage, isipokuwa tuta moja la pembeni, jeusi, bichi.

"Simamisha gari," alisema.

Polikarp alicheka. "Huyo mvivu tu, afande. Kachelewa."

"Mvivu hatengenezi tuta zuri namna hii."

Na kweli lilikuwa zuri. Majani yamefukiwa yote ndani, udongo umelainishwa kwa kiganja. Mgeni angerundika tope tu akakimbia. Huyu alikuwa na haraka ya mtu aliyeua, na bado mikono yake ilikataa kulipua kazi. Inspekta alichomeka kidole juu ya tuta, akatoa punje tatu. Zilikuwa za manjano, mviringo.

Polikarp aliing'ata moja. "Ah, soya hii! Nani anapanda soya Kamlenga? Wenyewe wanasema ukiibandika leo inaiva kesho kutwa."

Walichimba. Chini ya majani kulikuwa na mizani, imeviringishwa kwenye kile kitambaa cha kumning'inizia mtoto. Kioo kilikuwa kimevunjika. Kwenye ukingo wa chuma kulikuwa na damu iliyoganda na nywele.

Inspekta aliishika kwa leso asiharibu alama za vidole. Maneno ya Hilaria yalikuwa bado yanamwasha. Alichukua pakiti ya sukari ya kilo moja aliyoinunua mjini kumpelekea mama yake, akaitundika kwenye mizani. Mshale ulipita kilo moja, ukaenda kusimama karibu na mbili.

"Lahaula!" alisema Polikarp.

Mizani ikiwa tupu, mshale ulirudi kwenye sifuri kama kawaida. Inspekta aliigeuza. Skrubu za mgongoni zilikuwa zimechunwa na bisibisi, na springi ya ndani ilikuwa mpya, laini kuliko inavyotakiwa.

"Geuza gari."

Silvana alikuwa jikoni anawagawia watoto uji. Alipoiona ile mizani, aliweka upawa chini polepole. Inspekta aliitundika kwenye boriti, akatundika na sukari. Hilaria, aliyeshuka garini nyuma yao, alisogea, akautazama mshale, halafu pakiti, halafu mshale tena.

Inspekta alifungua kiganja chenye punje tatu. "Bibi Silvana, hulazimiki kusema lolote. Lakini utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika kama ushahidi mahakamani."

"Nitasema," alijibu Silvana. "Nimechoka."

Alikaa kwenye kigoda cha watoto.

"Siku tuliyompima Rafaeli mara ya mwisho, nilimbonyeza mguu. Kidole kiliacha shimo. Hiyo ni kwashakoo, mtoto anavimba unadhani ananenepa. Nimefundishwa hilo, nalijua. Lakini mizani ilisema amepona kabisa, na mimi nikaiamini mizani nikakiacha kidole changu. Nilimwambia mama yake, hongera."

"Jana je?"

"Hilaria alipoondoka sikuwa na raha. Nilitundika mfuko wa maziwa ulioandikwa uzito wake. Mizani ikazidisha. Nikamwuliza Eustaki, na wala hakukana! Akasema wafadhili wamechoka kuonyeshwa watoto wagonjwa kila mwaka, wanataka matunda. Wasipoyaona wanahamia kijiji kingine. Akasema, 'Amekufa mmoja, wengine wanakula. Hukumu mwenyewe.' Kisha akanigeuzia mgongo, anapanga magunia ya kupigia picha."

"Ukafanya nini?"

"Mizani ilikuwa mkononi mwangu."

Mtoto mmoja alikuwa anakomba bakuli.

"Kwa nini uliizika?"

"Wageni wangeijua ilivyo, wangefunga mikoba yao. Hawa wangekula nini?"

"Na soya?"

Silvana alitazama mikono yake. "Mama yangu alinifunza kwamba tuta haliachwi tupu. Nilikuwa nalia, sijui hata nafanya nini. Nilikuja kushtuka nimeshapanda."

"Ungemwacha Hilaria anyongwe?"

"Nilitaka wageni waondoke kwanza. Wallahi, haki ya Mungu, ningekuja mwenyewe."

Huenda angekuja. Inspekta hakujua, na mimi sijui. Polikarp alimfunga pingu, Adolfu akageukia ukutani akishika kichwa chake.

Hilaria alikuwa huru sasa. Watu walitazamia apige kigelegele, au amtemee Silvana mate. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa bado anaangalia pakiti ile ya sukari.

"Alikuwa ananiletea kikombe," alisema. "Rafaeli. Kila asubuhi ananiletea kikombe kitupu, analilia maziwa ya kituoni. Nilimchapa. Nilimwambia, acha kudeka, mizani imesema umeshiba."

Silvana aliangua kilio, cha sauti, mpaka watoto nao wakaanza kulia. Polikarp alimwongoza kuelekea garini. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Wabonyeze miguu, Hilaria. Bonyeza, uhesabu mpaka tatu, uachie. Usiulize mizani."

Gari liliposhaondoka, Hilaria alichuchumaa mbele ya mtoto aliyekuwa karibu naye, binti wa jirani, mnene wa mashavu, ambaye siku hizi alikuwa hapewi maziwa. Alimshika mguu, akabonyeza juu ya wayo, akaachia. Shimo lilibaki pale pale.

"Mwenyekiti," aliita bila kuinuka, "fungua stoo ulete maziwa. Na hao wageni wako wakija kesho, waanze na huyu."