Karavani la Ibra

Kishindo cha kwanza walidhani ni radi. Cha pili kiliirusha Land Cruiser upande hata meno ya Khelef yakagongana. Jabali lililokuwa mkono wa kulia likahamia mbele ya kioo, na upande wa dereva pakabaki mvua na hewa tupu.

"Limechomoka," alisema Abdullatif.

Nyuma yao kiungo cha karavani lao, nyumba ya magurudumu ya mita saba, kilikuwa kimekatika. Kilichobaki kulishika ni mnyororo wa akiba, na mnyororo huo sasa ndio uliokuwa ukiivuta gari kinyumenyume juu ya changarawe iliyoroa, kwenye kona kali ya mwisho kabla ya tambarare ya mlima wa Jebel Shams, Omani. Abdullatif, aliyeendesha malori miaka arobaini, alikanyaga breki kwa miguu miwili. Magurudumu yaligoma kuzunguka, lakini gari iliendelea kuteleza.

"Shemeji, shuka. Khelef, mtoe mkeo. Mlango wa jabali."

"Na wewe?"

"Nikiinua mguu tunakwenda sote. Shuka, bwana."

Khelef alianguka nje kwa magoti, akafungua mlango wa nyuma, akamvuta mkewe Ghaniya kwa buibui lake. Hawajasimama sawasawa, gari ikapita ukingo. Abdullatif alijirusha. Mlango uliokuwa wazi ukarudi, ukamkamata mguu wa kushoto chini ya goti, ukamburura hatua nne, tano, kisha ukamtema juu ya miamba. Mnyororo ulikatika kwa mlio wa bunduki. Gari ilibingirika mara tatu, ikapiga jabali, ikabingirika tena na kupotea. Sauti yake tu ndiyo iliyoendelea kupanda kutoka bondeni, bati juu ya jiwe, bati juu ya jiwe.

Karavani halikufika huko. Lilitua upande upande kwenye kigongo cha mwamba, hatua ishirini chini ya barabara, likaegemea mti mmoja mkongwe uliojishikiza kwenye ufa. Abdullatif alikuwa amelala karibu yake, kimya.

Waliteremka kwa makalio, wakijishika kwa mawe. Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi na damu ilikuwa ikiruka kwa mapigo. Khelef alivua kilemba chake, akakizungusha juu ya goti la rafiki yake, akapitisha tawi kavu na kulisokota mpaka damu ikaacha kuruka, ikawa inachuruzika. Hapo Abdullatif alizinduka, akatukana kwa Kinyamwezi, lugha ya Tabora alikozaliwa, ambayo hakuna aliyemsikia akiisema miaka mingi.

"Afadhali," alisema Ghaniya. "Anayetukana yuko hai."

Mvua ya mawe ikaanza. Punje kubwa kama kunazi ziliwapiga vichwani na kurukaruka juu ya miamba. Ilikuwa saa saba mchana, na kipimajoto cha gari, kabla haijaanguka, kilionyesha nyuzi tatu. Simu mbili zilikwenda na gari. Ya Khelef ilikuwa mfukoni, na haikuwa na mtandao.

"Kijiji kiko umbali gani?" aliuliza Ghaniya.

"Kilomita sita, kwenda juu."

"Na kurudi chini?"

"Tumevuka wadi mara mbili. Saa hizi imeshajaa maji."

"Basi kwanza tumtoe kwenye mvua."

Walimpitisha Abdullatif kwenye dirisha la nyuma la karavani, maana mlango ulikuwa umegeuka sakafu. Dirisha halikuwa tena na kioo. Hakuna dirisha lililobaki na kioo. Upepo uliingia upande huu na kutokea upande ule, ukibeba punje za barafu, na ndani mlikuwa na harufu kali ya gesi. Ghaniya alipapasa kabatini mpaka akaupata mtungi, akaufunga.

"Asiwashe mtu kitu chochote humu," alisema. "Si hita, si kiberiti."

Karavani hili ndilo lililokuwa nyumba yao. Kifua cha Ghaniya hakikuivumilia tena hewa nzito ya Sur, mji wa pwani, na daktari alishauri mahali pakavu. Marehemu kaka yake Khelef alimwachia kiwanja juu ya mlima, chenye kisima na miti ya makomamanga, lakini hakina jengo. Khelef alipiga hesabu ya miaka ya kujenga akaona ni mingi. Bora wapandishe nyumba ya magurudumu na wakae humo kiangazi na kipupwe. Nyumba ya kupanga ya Sur wakairudisha kwa mwenyewe. Vyombo, nguo na msahafu wa mama yake Khelef vilikuwa humu, vimetapakaa.

Walikuwa na makaravani mawili ya kuchagua. La kwanza lilikuwa mjini Sinaw, kwa mfanyabiashara wa mifugo: dogo, la rangi ya vumbi, madirisha madogo ya vioo viwili viwili, tangi la maji ndani ya sakafu. Ghaniya aligonga kuta zake kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikiti, akasema, "Hili nene. Hili ndilo." La pili lilikuwa mjini Ibra. Madirisha yake yalikuwa mapana, na mbele lilikuwa na majlisi, sebule ya wageni, ya kukaa watu wanane.

"Ukuta wa hili unalia kama debe," alisema Ghaniya siku ile.

"Na wageni tutawakalisha wapi katika lile la Sinaw? Juu ya paa?" alijibu Khelef, na yeye na Abdullatif wakacheka.

Khelef hakuwa mzembe. Siku ya kununua alirudi Ibra peke yake na maswali tisa kwenye daftari, aliyoyakusanya kwa kusoma: unene wa kuta, mabomba yanapita wapi, maji yataganda au hayataganda. Mwenye karavani, mzee mwenye ndevu safi, alimtandikia mkeka, akamletea halua na kahawa, akamuuliza habari za ukoo wake hadi babu wa nne. Alipofika swali la tisa, ambalo lilimtaka mnunuzi alale chali mchangani achungulie vyuma vya chini, Khelef alikuwa ameshakunywa kikombe cha tatu. Aliona haya. Utakulaje halua ya mtu, kisha ujitie chini ya mali yake kama anayemtafuta mwizi? Akafunga daftari, akasema mabruki, yaani wamekubaliana.

Sasa upepo uliinua pembe ya paa na kuirarua. Bati jembamba lilipiga kofi mara mbili, likaruka.

"Shemeji anatetemeka," alisema Ghaniya. "Kisha ataacha kutetemeka, na hapo ndipo tutakapompoteza. Tumfunike na nini? Mablanketi yote yameroa."

Khelef aliitazama majlisi. Alikamata mto wa kwanza wa kukalia, akaupasua kwa kisu cha jikoni, akatoa sponji kavu. Akapasua wa pili, wa tatu, yote minane. Haikutosha. Alikita kisigino kwenye ukuta mpaka plaiwudi ikapasuka, akaingiza vidole na kuvuta. Misumari ilimchana viganja. Nyuma ya ubao palikuwa na sponji ngumu nyeupe, upana wa kidole kimoja tu, na kila kipande alichong'oa alimpa Ghaniya, naye akakipachika ubavuni mwa Abdullatif, chini ya mgongo, juu ya kifua. Aling'oa pazia, zulia, mlango wa kabati. Aliivunja nyumba yake kama mtu anayegombana nayo, damu ikimtiririka mpaka kwenye viwiko, na akaendelea kuipiga hata pale ambapo hapakubaki cha kung'oa.

"Basi, Baba Alyaa," Ghaniya alimwita mumewe kwa jina la binti yao. "Basi. Unalitikisa."

Karavani lilisogea shubiri moja. Mti nje ulilia.

Abdullatif alifumbua macho. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Yakhe," alisema polepole. "Chini... ulipolinunua, ulitazama chini?"

Khelef alipiga goti karibu naye. Kupitia dirisha lililovunjika alikiona kiungo chenyewe: rangi mpya ya fedha kwa juu, na pale kilipokatika, kutu tabaka kwa tabaka kama chapati.

"Nilitazama," alisema.

Miaka thelathini ya urafiki, na huo ndio uongo wa kwanza aliomwambia.

"Ah," alisema Abdullatif, akafumba macho.

"Mimi nakwenda," Khelef alimwambia mkewe. "Wewe kifua hakitakufikisha."

"Nenda. Na usikae chini njiani, hata uchoke vipi."

Alipanda hadi barabarani kwa mikono na magoti. Upepo ulimpiga usoni hata akalazimika kutembea kwa ubavu, kanzu imemganda mapajani. Kilomita ya pili korongo lilikuwa limekata barabara. Maji ya rangi ya udongo yalishuka kwa ngurumo, yakiviringisha mawe makubwa kama vichwa vya mbuzi. Alisubiri yapungue, na hayakupungua. Akaingia. Katikati yalimfika mapajani. Jiwe likampiga kifundo, la pili likampiga ubavuni akasikia kitu kimekatika ndani, akaanguka, akabebwa. Maji yalimsugua kwenye changarawe kama chungu kinachosuguliwa masizi, kisha yakamgonga kwenye ukingo wa saruji upande wa pili. Alijivuta nje kwa kucha. Viatu havikuwepo. Alitapika maji na mchanga, akasimama, akaendelea peku.

Hakuhisi miguu yake. Aliitazama ikienda mbele yake, myekundu, kama miguu ya mtu mwingine. Kila pumzi ilimchoma ubavuni. Mara mbili aliona jiwe zuri la kukalia na mara mbili alilipita akisema kwa sauti, "Sikai."

Aliyemwona kwanza alikuwa Aflah, mfugaji wa mlimani, aliyekuwa akiwafukuza mbuzi wake kuingia zizini. Alimdhania kichaa: mzee asiye na kilemba, damu mikononi, anatembea katikati ya barafu. Khelef alisema kwa Kiarabu maneno manne: mtu, mguu, kona, damu. Aflah hakuuliza la tano. Aliwaita ndugu zake wawili, akatia kwenye pikapu kamba na mablanketi ya manyoya ya mbuzi, akamrushia Khelef moja, na wakateremka.

Walipofika korongoni maji yalikuwa yamerudi magotini. Aflah alivuka bila kupunguza mwendo.

Pale konani karavani lilikuwa limeinama zaidi, na nusu ya mizizi ya mti ilikuwa nje. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Ghaniya, imekauka kwa pumu lakini imara.

"Baada ya Thumrait?"

Kisha likasikika kofi.

"Baada ya Thumrait kuna kituo gani cha mafuta, shemeji?"

"Kuna... yule Mhindi," ilijibu sauti ya Abdullatif. "Chai yake mbaya."

"Baada ya hapo?"

Ghaniya alikuwa amemwendesha kwa maswali barabara yote ya malori yake kutoka Salala, kituo kwa kituo, kwa muda wa saa tatu, na kila aliposinzia alimpiga.

Ndugu wawili walishuka kwa kamba. Walimfunga Abdullatif juu ya mlango wa kabati, wakamtoa dirishani, na Aflah akavuta kwa pikapu taratibu, jiwe kwa jiwe. Ghaniya alikuwa na mguu mmoja ndani alipohisi sakafu inamkimbia. Mmoja wa vijana alimdaka mkono. Mti uling'oka wote, na karavani likaondoka bila haraka, likageuka mara moja hewani likionyesha tumbo lake lililooza, kisha likapasukia bondeni vipande vipande. Sufuria, nguo na karatasi nyeupe za msahafu vilibaki vikielea juu ya ukungu.

Ghaniya alitazama chini kidogo tu. "Mbele," alisema. "Mgonjwa anapoa."

Wadi ilipopungua waliteremka naye, na katika hospitali ya Nizwa madaktari wakamkata mguu chini ya goti. Siku ya pili Huwaida, mke wa Abdullatif, alifika kutoka Al Kamil na kumkuta Khelef kwenye benchi la ukumbini, mbavu zimefungwa, miguu imeviringishwa bendeji.

"Shikamoo, shemeji. Tushukuru uhai. Ni kadari ya Mungu."

Kila aliyepita alisema hivyo: dhoruba, barabara, kadari. Khelef aliitikia mara ishirini. Mara hii hakuitikia.

"Kadari ni yake," alisema. "Lakini chini ya lile karavani sikutazama. Nilikuwa nimekula halua ya mtu, nikaona haya kulala mchangani. Na mumeo aliponiuliza, nilimwambia nilitazama."

Huwaida alikaa benchini kando yake. Kisha akasema, "Mimi umeniambia. Yeye je?"

"Bado."

"Basi unangoja nini hapa?"

Abdullatif alikuwa macho, ameegemea mito miwili, blanketi limelala bapa pale mguu ulipoishia. Khelef alisimama miguuni pa kitanda akasema yote, bila kulipunguza neno. Abdullatif alimsikiliza akitazama dari.

"Kaa," alisema mwishoni. "Nani alilifunga lile karavani kwenye gari?"

"Wewe."

"Mimi. Miaka arobaini ya malori. Niliinama, nikaona kutu imetokeza chini ya rangi. Nikasema moyoni, huyu amelisifu mbele ya mkewe tangu asubuhi, nitamwaibishaje sasa? Nikalifunga. Pale nilipokuuliza nilitaka useme hukutazama, tuwe wawili."

Khelef alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Ndipo wakagundua kwamba Ghaniya yuko mlangoni, na amesikia. Aliingia, akavuta kiti cha chuma katikati yao, akakaa, akaweka mkoba wake sakafuni.

"Mimi niligonga ukuta, mkanicheka," alisema. "Haya. Kila mmoja wenu alichokiona akakinyamazia kwa ajili ya heshima ya mwenzake, akiseme sasa, mbele yangu. Anzeni na Ibra."

Wanaume wale wawili walitazamana. Abdullatif akakohoa.

"Tairi la nyuma la lile karavani," alisema, "nalo lilikuwa na ufa."