Kiwavi wa Chiriku

Binti wa fundi cherehani alikuwa na miaka mitano. Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu aliongea toka asubuhi mpaka jioni. Siku moja alirudi kutoka chekechea kimya.

"Vipi, ulimi umeuacha shule?" mama yake akamtania.

Mtoto akafungua kiganja. Kilikuwa kimevimba.

"Nani kakufanya hivi?"

"Mwalimu. Nilimpelekea kiwavi kwenye jani. Akamkanyaga. Nikalia, akanichapa mbele ya wenzangu."

Damu ilimchemka mama. Akatoka mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Jirani yao, bibi aliyestaafu ualimu wa chekechea, alimwona.

"Mama Chiriku, kuna nini?"

"Mwanangu kachapwa kwa kuleta kiwavi!"

"Ngoja nivae viatu. Twende wote."

Walimkuta mwalimu akifagia darasa.

"Aliniletea uchafu," mwalimu akasema. "Hapa tunafundisha kusoma, hatufugi wadudu."

"Na fimbo ndiyo kusoma?" Mama alifoka. "Mtoto kakuletea swali, wewe umemjibu kwa kipigo!"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Nawaogopa wadudu," akasema taratibu. "Tangu utotoni."

"Kuogopa si kosa," mama akamjibu. "Kumpiga mtoto kwa sababu ya woga wako, hilo ndilo kosa. Tena kubwa!"

Bibi akaingilia. "Mwalimu, watoto wa umri huu hujifunza kwa macho na mikono. Mweke kiwavi kwenye chupa pana, pamoja na majani ya mti uleule alikotoka. Funika kwa kipande cha chandarua apate hewa. Watoto wasimshike, maana viwavi wengine wanawasha. Wamtazame kila siku, nawe uwasimulie maisha yake kama hadithi. Halafu watengeneze wa kwao wenyewe, kwa trei ya mayai, rangi na vipande vya nguo."

"Vipande ninavyo tele," mama akasema. "Lakini kwanza umwombe mwanangu msamaha. Mbele ya wenzake, kama ulivyomchapa mbele yao."

Kesho yake mwalimu alipiga magoti mbele ya Chiriku, akaomba msamaha. Fimbo ikatoka darasani, haikurudi.

Mwalimu na watoto wakatafuta kiwavi mwingine. Alikula majani, akanenepa, kisha akajifungia ndani ya ganda.

"Amekufa!" watoto wakalia.

"Hapana," mwalimu akawaambia. "Anabadilika. Tusubiri."

Wakati wakisubiri, walibandika vitambaa, wakatengeneza mabawa. Asubuhi moja ganda lilipasuka, akatoka kipepeo. Aliyepiga kelele ya kwanza ni mwalimu, na haikuwa ya woga. Walimhesabu miguu, sita kamili, kisha wakamwachia nje.

Jioni ileile, mbawakawa aliingia nyumbani kwao Chiriku, akatua karibu na cherehani. Mama akavua ndala, akainua mkono.

"Mama!" Chiriku alisimama mbele yake, mikono kiunoni, uso umekunjamana. "Kakukosea nini?"

Mama akabaki na ndala hewani.

"Hajanikosea kitu."

"Basi mfungulie mlango!"

Mama akavaa ndala yake, akaenda kufungua mlango.